Sahani ya Kombe Niloikana Bangkok

Mwanangu Raya,

Leo nimepita mlangoni kwako sijui mara ngapi. Kila nikitaka kuingia nakuona umeinamia sanduku, narudi jikoni. Sasa umetoka na baba'ko kwenda kuwaaga watu wa Al Khuwair, nyumba imenyamaza, nimekaa kitako kwenye meza ya kulia na kalamu. Salamu nnakupa, na rehema za Mungu, na mapenzi yangu yote yaliyobaki mlangoni. Utangulizi wangu ndio huo, mwengine siujui.

Naandika Kiswahili kwa kuwa ndio pekee nnachoweza kukiandika. Kiarabu nasoma msahafu na vibao vya madukani, lakini nikishika kalamu herufi zinanikimbia. Wewe nawe Kiswahili umekisikia tu, hukusomeshwa. Basi kisome kwa sauti, pole pole, utanisikia mimi. Pahala nilipokosea nisamehe; darasa la nne Unguja na miezi michache hapa Maskati ndio skuli yangu yote.

Habari za baridi ya ndege, na kugawa pesa usiziweke pahala pamoja, na achari isivuje kwenye nguo, sizitaji. Baba'ko keshakwambia, mengine mara mbili. Mimi nna jambo moja limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu, na kwa mdomo nimelishindwa.

Unaikumbuka Ijumaa ile. Tumekaa chakula cha mchana hapa hapa Ansab, shangazi yako Zuwena yupo na watoto wake, ukatwambia umepata nafasi ya kwenda Thailand kujifunza kutunza vyombo vya kale. Utaingia makumbusho yao moja baada ya nyengine, ukasema, historia yao na sanaa yao utaishika kwa mikono. Uso wako ulikuwa unang'aa. Mimi nikaacha kula, nikasema mbele ya watu wote: "Uende ukayafute vumbi masanamu? Mimi sina radhi."

Hili neno, mwanangu, kila mama analo. Hulisogeza mpaka kwenye ulimi akalimeza, kwa sababu anajua mtoto aliyenyimwa radhi hutembea duniani kama mtu aliyevaa nguo mbichi. Mimi sikulimeza. Wewe ukaitikia kwa Kiarabu, kwa adabu, "Nimesikia, mama," ukaanza kukusanya sahani na watu bado wanakula.

Leo nakwambia kweli. Si masanamu.

Kabla ya Ijumaa ile tulikwenda Bangkok kutibiwa goti langu, kama wanavyokwenda watu wengi wa Oman. Pale spitali wakalimani wa Kiarabu wamejaa, na mtaa wa nyuma wanauza wali wa mandi utadhani uko Ruwi hapa Maskati. Daktari aliposema nisilale tu, nitoke, wewe ukafurahi kuliko mimi mwenye goti. Ukasema tutatembea makumbusho. Nikakwambia mgonjwa hupelekwa kuona bahari, hapelekwi kuona vitu vya maiti. Ukacheka, ukasukuma kigari nilichokalia.

Siku ya mwanzo ulinipeleka kwenye ile makumbusho kubwa yenye majumba ya kifalme. Nilijifunika shela mpaka puani, na istighfari nikawa nazileta kwa sauti, makusudi, unisikie. Lakini macho hayakufunikika. Niliyaona yale magari ya dhahabu ya kubebea maiti za wafalme, marefu kama nyumba, na nikajiuliza nani alikuwa akiyang'arisha. Niliviona vinyago vya ngoma zao, na yule kima mweupe mwenye meno. Ukanihadithia kwamba mfalme aliibiwa mkewe na zimwi, kima ndiye aliyekwenda kumtafuta. Nikakuuliza, na mume alikuwa wapi? Ukasema alikuwa akipanga vita. Nikasema, ndio wao wanaume. Ukaongeza kwamba mke aliporudi, mume akamtilia shaka. Hapo nilisahau istighfari zangu kwa muda, nikamlaani yule mfalme.

Na lile sanamu la Buda wao lililolala. Hili sijapata kukwambia. Nililitazama kwa pembe ya jicho, nikaona limelala ubavu wa kulia, mkono wa kulia umeshika kichwa. Ubavu ule ule ambao bibi yangu alikuwa akitulazia kule Unguja, akisema mtoto wa Kiislamu halali vyengine. Nikashtuka. Sikujua nilifanye nini jambo lile, ndipo nikakwambia nnataka kwenda chooni.

Tena yule mlinzi wa makumbusho, binti mdogo mdogo. Mguu wangu umenyooshwa kwenye kigari, nyayo zinalikabili sanamu. Akaja, akakusanya viganja kifuani, akaniuliza kwa macho, akakigeuza kigari kidogo tu mpaka nyayo zikatazama ukuta. Nikakwambia huyu ananifukuza. Ukanijibu, "Hakufukuzi, mama. Kwao nyayo hazielekezwi kwenye kitu cha heshima. Na wewe si ulikuwa ukinipiga nikinyoosha miguu kibla?" Nilikwambia tu usukume.

Mpaka hapo nilikuwa mkaidi, si mbaya. Ubaya ulikuja na Ummu Salim.

Yule mama tulimkuta spitali, mumewe amelazwa chumba cha pili na changu. Barakoa yake ya Kiomani usoni, Kiarabu chake kizito cha Oman ya ndani, nikamwona ndiye mwenye nchi hasa. Akachoka kukaa na mgonjwa, akaomba tufuatane naye. Mbele yake mimi nikawa mtu mwengine. Sauti yangu yenyewe sikuijua. Kila neno nililipima kabla sijalitoa, ili isisikike Unguja ndani yake.

Siku ile ulitupeleka makumbusho ya vyombo vya udongo, nje kidogo ya mji. Chumba kizima kama majani mabichi: sahani, bakuli, vikopo vyenye vifuniko, vyote rangi ya maji ya bwawa. Ukatueleza kwamba hivi ni vyombo vya Siam ya kale, ndiyo Thailand hii, vilifinyangwa kwenye matanuri ya kaskazini, vikapakiwa merikebuni vikauzwa mpaka Arabuni na pwani ya Afrika. Mimi nilikuwa nimeshaiona. Kabla hujasema neno nilikuwa nimeiona, ndani ya kioo, upande wa kushoto. Sahani ya bibi.

Nani aliyekusimulia habari za sahani ile kama si mimi? Ulipokuwa mdogo, ukiugua, nilikukalia kitandani nikakwambia vipi bibi aliiweka kwenye kidaka cha ukutani na hakuruhusu mtu kula chakula humo. Ilikuwa ya kombe tu. Nikipata homa, huitwa mwalimu wa chuoni, akaandika aya kwa zafarani ndani ya ile sahani, bibi akaiosha kwa maji na marashi, nikanywa hilo kombe. Na kazi yangu ilikuwa kuifuta baadaye. Chini yake ilikuwa na duara jeusi, halitoki kwa kitu. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tukisema ni masizi ya motoni Jahannamu. Nilikusimulia haya mara nyingi, nawe ulikuwa unataka tena. Nadhani kazi yako hii ya vyombo vya kale ilianza pale, juu ya godoro, na homa.

Basi pale makumbusho walikuwa wametia kioo cha kujitazamia chini ya sahani, ili mtu aone na upande wa chini. Wewe ukapiga magoti sakafuni. Mtu mzima, na kitambulisho cha kazi shingoni, umepiga magoti kama mtoto. Ukaniita kwa Kiswahili, kwa sauti iliyojaa chumba:

"Mama, njoo uone! Sahani ya kombe hii. Tazama kitako chake!"

Duara jeusi lilikuwepo. Ukanieleza kuwa ni alama ya kigingi walichoiwekea chini ndani ya tanuri. Ummu Salim akapeleka mkono kwenye barakoa, mabega yakamtikisika. Nikaona anatucheka. Yule bibi wa Kithai mwenye miwani, mtunzaji wa pale, akaja akakuuliza kwa Kiingereza, ukamjibu, mikono inaruka. Kisha ukamgeukia Ummu Salim, ukamwambia kwa Kiarabu, ili asibaki nje, kwamba mama'ko ni wa Zanzibar na bibi yake alikuwa na sahani kama hii.

Akanigeukia. "Nyinyi watu wa Zinjibar?"

Nami nikasema, kwa Kiarabu nilichokipanga neno kwa neno: "Hapana. Sisi watu wa Oman hii hii. Huyu mtoto alilelewa na mtumishi wa Kiafrika. Hizo ni hadithi za mtumishi, na hayo maneno kayapata kwake."

Hatujapata kuwa na mtumishi wa Kiafrika. Hukuwekwa na mtu yeyote mgongoni ila mimi.

Ulikuwa bado umepiga magoti. Ukanitazama, si kwa hasira. Ningependa ingekuwa hasira. Halafu ukasimama, ukamwambia yule bibi wa Kithai maneno machache, akainamisha kichwa, akaondoka. Kiingereza sikijui lakini nadhani ulimwambia kuwa ulikosea.

Toka saa ile ukanisemesha Kiarabu. Kizuri, cha adabu. Mama unataka maji, mama mguu unauma. Nikasema moyoni ni kisirani, kitapoa. Tukarudi Maskati, mwezi ukapita, na mwengine. Jikoni Kiarabu. Garini Kiarabu. Siku uliyokuwa na homa nikakuletea uji, ukasema "Shukran." Baba'ko, na ukongwe wake wa kazi za serikali, akaniuliza: "Nyinyi wawili mna nini? Mnazungumza kama wizara mbili zinazoandikiana." Nikamwambia unafanya mazoezi ya Kiarabu. Uongo juu ya uongo.

Nikwambie na la uwanja wa ndege wa Bangkok tulipokuwa tunarudi, maana hukuliona, ulikuwa kwenye foleni. Sanduku la mtu lilimwangukia mguuni Ummu Salim, naye akirudi na mumewe. Akasema, "Mama wee, nakufa!" Kiswahili, mwanangu. Na si cha Unguja, cha huko bara ya Afrika. Akanitazama juu ya barakoa, nikamtazama. Hapo ndipo nilipojua kilichomchekesha siku ile. Lile neno kitako. Alilielewa vizuri kuliko nilivyotaka. Nami badala ya kumshika mkono, nikatazama sakafu, naye akatazama tikiti yake. Tukapanda, tukakaa safu moja mpaka Maskati tukizungumza Kiarabu, wawili wetu, kila mmoja anachagua maneno kama mtu anayevuka tope na viatu vipya. Wewe ulikuwa dirishani umefumba macho. Najua hukulala.

Sikupi udhuru, nakueleza tu lilipotoka. Nilipoletwa hapa mtoto, nilitiwa darasa moja na watoto wadogo kuliko mimi, kwa sababu ya lugha. Mwalimu akainua picha, akaniuliza hii nini. Nilijua ni nini. Nilikuwa nikila nacho uji kila siku. Nikasema, "Kijiko." Darasa zima likaanguka kwa kicheko, na toka siku ile jina langu likawa Kijiko. Uwanjani Kijiko, njiani Kijiko, mpaka nikawa najificha chooni mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Nikaacha skuli. Mama yangu hakunilazimisha. Aliniambia tu lugha yetu niivue mlangoni nikitoka, kama nguo za nyumbani, nikirudi niivae.

Ndivyo nilivyokulea. Ndani nilikuimbia, nikakutania, nikakukemea kwa Kiswahili. Tukifika dukani ukikisema, nikakufinya. Unajua nilipokuwa nikikufinya, chini ya kiwiko, na tabasamu usoni. Hukupata kuniuliza kwa nini. Mtoto hudhani kila mama ana mkono wa kufinya kwenye maduka.

Basi uliposema Thailand, mimi masanamu sikuyaona. Nilikuona wewe umekaa kwenye vyumba vile vya vyombo, watu wanakuuliza, na hii sahani huko kwenu ilikuwa ikifanya nini? Nawe utajibu. Utataja Zanzibar, utataja kombe, labda utaandika kwenye kitabu, na kila jibu lako litanionesha mimi mwongo. Nikaogopa. Nikaivuta dini nikajifunika, kama nilivyojifunika shela, makusudi, na macho yakiwa wazi. Hilo ndilo nnaloonea haya kuliko yote, kuliko hata ule uongo wa mtumishi. Kwa sababu bibi yangu hakukosa sala, na aya za Mungu aliziandikisha ndani ya chombo kilichofinyangwa na watu wasioelekea tunakoelekea, na akatunywesha, na tukapona. Hakuona kosa. Mimi niliyejitia kuilinda dini mbele ya shangazi yako, nilikuwa nalinda Kiarabu changu kibovu.

Chuoni tulifundishwa kwamba kosa baina yako na Mungu utalitubia kwake, lakini haki ya mja huirejesha kwa mja, na tena mbele ya yule uliyemchafulia. Nililijua hilo siku zote. Kulijua hakukunisaidia kuinua simu.

Juzi nikaiinua. Nikampigia Ummu Salim, nikaanza kabla sijaogopa.

"Hujambo, dada."

Nikasikia mlango unafungwa kule kwake. "Sijambo," akasema chini chini. "Umenijua lini?"

"Sanduku lilipokuangukia."

"Mimi nilikujua siku ya kwanza," akasema. "Ulivyosema 'kahawa' tu."

Raya, na yale mazoezi yangu yote. Tukacheka mpaka tukalia, na alipokuwa analia hakuinua sauti, maana wakweze wako nje. Kazaliwa Tabora, baba yake alikuwa na duka. Kaolewa na mtu wa ndani huku, na wajukuu wake hawajui neno hata moja; ananong'ona Kiswahili akiwa peke yake anakuna nazi. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia nililompigia: binti yangu hakusema uongo pale makumbusho. Sahani ilikuwa yetu. Mtumishi hatuna wala hatujapata kuwa naye, mtoto nimemlea mimi.

Akasema, "Nilijua, dada. Mtumishi hamfundishi mtoto kuita 'mama' vile."

Nimelizungusha neno hilo siku mbili, sijui niliweke wapi. Kumbe yule niliyekukana mbele yake alikuwa ameshakusikia, ameshajua, na uongo wangu haukumdanganya mtu yeyote. Ulikuumiza wewe bure.

Nnalojua si jingi, na sitaki kukufanyia mawaidha. Nimeona tu kwamba aibu haikai pahala mtu alipoiweka. Nilipoificha dukani, iliingia nyumbani. Nilipoificha kwenye dini, ikavaa dini ikatoka mbele za watu na heshima zake. Na ule uongo mdogo wa kumpendeza aliyesimama kando, mara nyingi kuna mtu wako amepiga magoti pale pale anausikia. Huko uendako wakikuuliza, sema. Usichokijua sema hukijui. Na ukikuta kitu kinachokufanana pahala usipotegemea, usikimbilie chooni kama mama'ko. Kaa ukitazame mpaka kiishe kukutisha.

Sasa lile neno la Ijumaa. Nalirudisha. Mungu ni shahidi, radhi zangu unazo, za maziwa na za mgongo, nenda nazo na urudi nazo. Shangazi yako Zuwena nimempigia, kwa kuwa aliyelisikia la kwanza ana haki ya kulisikia la pili. Akasema alhamdulillahi, tena akaniuliza kama hariri ya huko ni rahisi kweli kama wanavyosema. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Na mimi naomba zako. Si desturi mzazi kumwomba mtoto, lakini na kumkana mtoto si desturi pia. Usinijibu leo. Wala usinijibu kesho. Baba'ko atatuharakisha na hofu yake ya kuchelewa, utanibusu mkono, utasema wanayosema watu kwenye uwanja wa ndege, na mimi nitalia kwa hivyo hutaweza kusema jengine. Sitaki unisamehe kwa haraka ya ndege. Na kama itachukua muda, ichukue. Uliyetendwa ni wewe.

Ila ukimpata yule bibi mwenye miwani, tafadhali, mwambie hukukosea. Mwambie aliyekosea ni mimi.

Ukifika nipigie. Ukinisemesha Kiarabu sitalalamika, nitakusikiliza. Lakini mimi nitakujibu kwa Kiswahili, hata akiwa nani amekaa kando yangu, na simu ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka uchoke au unirudie.

Mimi mama'ko, niliyekulea mwenyewe.